Vichupa Vyeusi vya Majengo

Mtoto wa tatu kuzikwa wiki ile mtaani Majengo alikuwa Hanan, binti wa Mukhtari mvuvi, aliyekuwa na miaka minne na miezi kadhaa. Alianza kuhara alfajiri ya Jumatatu. Kufikia adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya kizee, na Jumanne kabla ya alasiri baba yake alikuwa amembeba mikononi kwenda makaburini, amekataa kumpokeza mtu hata kwa hatua moja. Twahira aliwaona wakipita, naye amesimama dirishani nyumbani kwa shangazi yake. Tumboni, chini ya dera, alikuwa amejifunga kitambaa kipana chenye mifuko sita, na kila mfuko ulikuwa na kichupa cha kioo kilichojaa maji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ofisi ya maji ya jimbo ilimwajiri apime maji ya kunywa mijini na visiwani, na kwa kuwa umeme wa Kismayo haukuwa wa kutegemewa, kabati la joto lililoletwa ofisini halikuwahi kufanya kazi siku nzima. Basi akafanya kama alivyofundishwa Mombasa. Unatia kichupani karatasi yenye dawa, unajaza maji, unafunga kizibo, kisha unakiweka mahali penye joto la mwili kwa siku moja au mbili. Maji yakiwa salama hubaki vilevile. Yakiwa yameingiwa na kinyesi, cha mtu au cha mnyama, hugeuka meusi. Na kwa kuwa joto la mwili halina mahali pake pengine ila mwilini, Twahira alitembea na visima vya watu vikimgongagonga tumboni. Kila kisima alikichotea vichupa viwili. Cha kwanza alikibeba yeye, cha pili alikibeba shangazi yake, Mwanaharusi, mwanamke mnene mcheshi aliyewaambia majirani kwamba uzeeni ameanza kuatamia kama kuku.

Twahira aliondoka pwani hii akiwa na miaka mitatu, amefungwa mgongoni kwa mama yake katika mashua iliyokimbia kutoka kisiwa cha Chula mwaka wa tisini na moja. Akakulia Mombasa, akasoma huko. Aliporudi miaka minne iliyopita watu wa Majengo walimcheka kwa Kiswahili chake: yeye akisema "mtu", wao wakisema "mchu". Lakini walimpenda. Katika miezi mitatu ya mwisho alikuwa amepima Dobley, Afmadow, Ras Kamboni, Kudha na Chula. Maji ya Ras Kamboni yalikuwa ya chumvi hata maziwa yakakatika kwenye chai, ila hayakugeuka. Chula kiligeuka kisima kimoja. Aliwapa wenyewe kichupa, wakanusa, wakakunja nyuso, na siku hiyohiyo wakakifunga kisima kwa magogo bila mtu kuinua sauti. Akadhani kila mahali mambo yatakwenda hivyo.

Jioni ile, kabla ya magharibi, alifungua kitambaa akapanga vichupa juu ya meza. Vitano havikuwa na neno. Cha sita kilikuwa cheusi kama wino wa ngisi. Shangazi akatoa vyake kutoka kifuani, na cha sita chake kilikuwa kama ndugu wa kile.

"Hiki cha wapi?" akauliza shangazi.

"Kwa Haji Zakir."

Shangazi aliangalia kikombe alichokuwa amekishika, kisha akakitua chini polepole.

Majengo yote na nusu ya Farjano walikunywa kwa Haji Zakir, maana maji yake ndiyo yaliyokuwa na chumvi kidogo kuliko ya wengine. Alikichimba kisima miaka mingi nyuma, akakitia pampu na ukuta na walinzi wanne wenye bunduki. Mwaka jana, nyuma ya ukuta uleule, upande wa juu, akafungua machinjio. Damu, mavi ya matumboni na maji ya kuoshea vilimwagwa katika shimo lisilojengewa, hatua thelathini kutoka kinywa cha kisima. Twahira alizihesabu hatua hizo mwenyewe.

Asubuhi alikiweka kichupa cheusi mbele ya mkuu wake wa kazi, Bwana Abdulkadiri. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi wa zamani, aliyezoea kuongea huku akipanga kalamu zake.

"Andika chumvi," alisema bila kukigusa kichupa. "Andika maji yana chumvi nyingi, yasinywewe na watoto."

"Si chumvi. Ni mavi, Bwana Abdulkadiri. Samahani kwa neno."

"Nalijua neno."

"Watoto watatu. Jana nimemwona mmoja akipita."

"Na mimi nilikuwa makaburini, binti."

"Basi kifungwe leo. Au nipe klorini niitie mwenyewe."

"Klorini iko bandarini. Inangoja sahihi."

"Ya nani?"

Alizigeuza kalamu zote zikaelekea upande mmoja. "Wewe unaziona zile bunduki nne za mlangoni," akasema. "Zilizo nyuma yake huzioni. Subiri. Nakuomba kama mwanangu, subiri."

Sheria ya ofisi ilisema kisima kisichofaa kipakwe rangi nyekundu mdomoni. Rangi ilikuwamo stoo, na brashi pia. Twahira akavichukua vyote viwili, akatoka.

Alifika kisimani saa nne. Mikokoteni ya punda ilikuwa imepanga foleni mpaka barabarani, mapipa matupu yakigongana. Kwanza alichota maji upya, vichupa sita vyote kutoka pale, akajifunga tumboni kama kawaida yake, na hakuna aliyemzuia kwa sababu walimzoea. Kisha akainama, akachovya brashi, akapiga mstari mmoja mwekundu kwenye saruji ya kinywa cha kisima. Alikuwa amepiga wa pili alipomsikia mkubwa wa walinzi, Omar, jibaba la ndevu lenye shavu limevimba kwa mirungi.

"We mwanamke! Unafanya nini?"

"Kazi yangu," akajibu bila kuinuka. "Maji haya yanaua. Tangu leo hayauzwi."

Kitako cha bunduki kilimpata tumboni.

Alichosikia kwanza ni kelele yake mwenyewe, kisha mlio wa vioo vikivunjika ndani ya nguo yake, vyote kwa pamoja, na baridi ya maji, na baada ya baridi moto. Alianguka kwa magoti. Omar akampiga teke palepale, na kila kipande cha kioo kikazama. Mwingine akalikanyaga bega lake. Wa tatu akaokota kopo la rangi, akammwagia kichwani mpaka tone la mwisho, akicheka, akisema sasa yeye ndiye aliyepakwa, basi yeye ndiye asiyefaa. Twahira aliona wekundu tu na hakujua upi ni wa rangi na upi wake. Wenye mikokoteni walisimama kama waliopigiliwa chini. Walikuwa zaidi ya thelathini.

Mmoja ndiye aliyetoka kati yao. Aliitwa Gharibu, mtu wa mashambani kando ya mto Juba, mwenye miaka hamsini na zaidi, aliyewaletea maji Twahira na shangazi yake kila asubuhi. Watu wa jamaa yake mjini walikuwa wa kuamrishwa; hawakuwa na ukoo wa kuwasemea wala bunduki ya kuwalipia kisasi. Alikuja akiwa ameinua mikono.

"Muacheni. Ni mwanamke. Muacheni, wallahi atakufa hapa."

Wakampiga naye, kitako cha bunduki begani, lakini hakurudi nyuma. Akamwinua Twahira, akamlaza kwenye mkokoteni katikati ya mapipa yake mawili yaliyokwisha kujazwa. Hapo Haji Zakir akatokea mlangoni, kanzu nyeupe, uso umetulia.

"Mpeleke hospitali," akasema kwa upole. "Na wewe, mzee wa punda, uso wako nimeuona."

Njiani Twahira alishika ukingo wa pipa. Kila punda alipokanyaga shimo, vioo vilisogea ndani yake.

"Gharibu. Haya maji usimpelekee mtu."

"Mapipa yamejaa tayari, dada."

"Yamwage."

Gharibu alisimamisha punda katikati ya barabara ya Majengo. Akafungua mapipa yote mawili, maji yakamwagika mchangani, mengi, yaking'aa, huku wanawake wenye madumu matupu wakitoka milangoni na kumkodolea macho. Mmoja alimuuliza ana wazimu. Akamchapa punda. Alikuwa na haraka.

Hospitalini hapakuwa na kitanda. Wagonjwa wa kuhara walilala ukumbini juu ya mikeka, dripu zao zimetundikwa kwenye misumari. Nesi Tasnim alimlaza Twahira juu ya meza ya dawa, akakata dera kwa mkasi, akaanza kutoa vioo kwa koleo, kimoja kimoja, akivitupa kwenye bakuli. Sindano ya ganzi ilikuwa imekwisha tangu Ijumaa. Twahira aliuma kilemba cha mtu asiyemjua. Nyuzi ishirini na mbili.

Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto kwenye mkeka alimuuliza, "Dada, wamekufanyia hivi kwa nini?"

Naye, meno yamekaza, jasho linamtiririka masikioni, akajibu, "Maji ya Haji Zakir yana sumu."

Neno hilo alilijutia maisha yake yote. Lililofaa alikuwa nalo, alilisema asubuhi mbele ya Abdulkadiri bila haya. Lakini pale mezani, mbele za watu wazima, akiwa uchi wa tumbo, aliona aibu kusema mavi. Akasema sumu. Na sumu ina mtiaji.

Neno lilitoka lango la hospitali kabla yake. Kufikia adhuhuri mkahawani walisema maji yametiwa sumu. Vijana wa Haji Zakir walikuwapo hapohapo wakinywa chai, nao wakauliza kwa sauti kubwa: ametia nani? Nani aliyeonekana na watu akimwaga mapipa yake mazima barabarani, maji aliyoyachota mwenyewe? Alijuaje kwamba hayanyweki? Baada ya swala ya alasiri hapakuwa tena na aliyeuliza. Kila mchu alijua.

Twahira alikuwa akirudi nyumbani, ameegemea bega la Tasnim, mkono mmoja juu ya bandeji, aliposikia mngurumo. Alidhani ni gari. Walipopinda kona ya msikiti aliona migongo ya watu, mamia, imejaa uchochoro mzima, na juu ya vichwa panga likipanda na kushuka.

Walianza na punda. Mtu alimkata miguu ya nyuma, na mnyama alikuwa amekaa kitako kama mbwa, akijaribu kuinuka, akilia sauti ambayo Twahira hakujua kwamba punda anaweza kuitoa. Kisha mtu mwingine akamkata shingo, ikawa kimya, na katika kimya hicho akasikia vishindo vingine, vizito, vya kitu laini. Gharibu alikuwa chini, amejikunja kando ya gurudumu. Walimpiga kwa mawe, kwa nondo, kwa ubao wa mkokoteni wake mwenyewe. Taya lake lilikuwa limekwenda upande. Aliyesimama juu yake, miguu imetanuka, alikuwa Mukhtari, ameshika mtaimbo wa chuma wa kuchimbulia chaza mwambani. Hakuwa akipiga kelele kama wengine. Alikuwa akipiga, anapumua, anapiga.

"Mchu huyu ndiye!" watu walimhimiza. "Mmalize! Mmalize!"

Twahira alijitosa. Hakujua alipitaje. Alikumbuka viwiko, jiwe lililompata nyuma ya sikio, mkono uliomvuta ushungi ukabaki nao. Akaangukia juu ya Gharibu kifudifudi, na nyuzi za tumbo zikakatika. Mtaimbo ulishuka, ukampata kwenye nyama ya paja.

"Mukhtari!" alipiga ukelele. "Mukhtari bin Shihab! Mimi ndiye niliyesema! Nipige mimi!"

Mtaimbo ulibaki juu.

"Ulisema sumu," alisema Mukhtari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimtisha Twahira kuliko chuma. "Hospitalini. Wachu wamekusikia."

"Nilikosea neno. Hakuna aliyetia kitu. Ni shimo la machinjio, Mukhtari. Ni mavi na damu, vinaingia kisimani chini kwa chini. Huyu nilimwambia mimi ayamwage. Ni mimi."

"Muongo!" mtu akapiga ukelele nyuma. "Anamkinga!" Jiwe lingine likaja, likampata Tasnim mkononi, na vidole vyake vikavunjika.

Hapo ndipo Mwanaharusi alipotokea mlangoni kwake. Alikuja akiwachapa wanaume nyusoni kwa ndara, mmoja mmoja, akiwataja kwa majina ya mama zao, wale aliowaogesha utotoni na wale aliowazalisha wake zao. Walimpisha. Alipofika mbele ya Mukhtari aliingiza mkono kifuani, akatoa kile kichupa chake cheusi cha jana.

"Chukua. Haya yamechotwa kwa Haji Zakir, kinywani mwa kisima, kwa mkono wa huyu mtoto wa ndugu yangu, kabla huyu maskini hajamwaga mapipa yake. Chukua, unuse."

Mukhtari alitua mtaimbo. Akafungua kizibo, akakileta puani. Twahira alikuwa chini na aliuona uso wake kutoka chini, aliona pua ikikunjamana kwanza, kisha kila kitu kingine.

"Hiki ndicho alichokunywa Hanan?"

Akakishusha kichupa.

"Nilimpa mwenyewe," akasema. "Alipoanza kuhara wakaniambia nimpe maji kwa wingi. Nikampa. Akikataa nikimfungua kinywa, nikimpa. Nilimshika pua ameze."

Mukhtari alikifunga kichupa vizuri, akakitia mfuko wa shati, juu ya moyo. Akauokota mtaimbo.

"Mukhtari, ngoja," alisema Twahira. "Twende kwa..."

"Kwa nani?"

Twahira alitafuta jina. Alimfikiria Abdulkadiri na kalamu zake, na sahihi iliyokuwa ikingojwa bandarini. Hakupata mtu. Na ukweli ambao baadaye alimwambia Tasnim peke yake ni kwamba hakutafuta sana. Kinywa chake kilikuwa kimejaa damu, tumbo limefumuka, na palikuwa na sehemu yake iliyotaka waende. Akanyamaza. Mukhtari akageuka, na uchochoro mzima ukageuka naye.

Waliobaki walikuwa wanawake wanne na Gharibu, ambaye bado alikuwa akipumua kwa mikoromo. Punda alikuwa amekufa kwenye hatamu. Walimkata kamba, wakamsukumia kando, wakampandisha Gharibu mkokotenini na kuuvuta wenyewe: Mwanaharusi na jirani mmoja mbele, Tasnim akisukuma kwa mkono mzima, Twahira akiburura mguu na kukishika kichwa cha Gharibu kisigongwe. Njia ya hospitali ilikuwa moja tu, nayo ilipita kisimani.

Milio ya kwanza ilikuwa ya juu, ya kutishia. Iliyofuata ilikuwa tofauti. Hata asiyewahi kushika bunduki huujua mlio wa risasi iliyompata mtu, kwa sababu ya ukimya mdogo unaokuja baada yake. Walipofika, lango lilikuwa limeng'olewa. Mukhtari alilala kizingitini chali, shati lote jekundu, kichupa kimevunjika mfukoni. Wengine watatu walilala nyuma yake, mmoja akiwa bado anachezesha mkono. Pampu ilikuwa inawaka moto. Mlinzi mmoja alikuwa amepigwa hata hakujulikana uso ni upi. Walinzi wawili walikuwa wametupa bunduki na kuruka ukuta. Haji Zakir mwenyewe alikuwa ameondoka kwa gari kupitia mlango wa machinjio kabla ya risasi ya kwanza.

Omar walimkamata hai. Twahira alimwona akiburutwa kuelekea kisimani, mikono mingi, visigino vyake vikichora mchangani, akiwaita watu kwa majina, akisema yeye ni mwajiriwa tu, ana watoto, angefanya nini naye ameamriwa. Vidole vyake vilishika saruji palepale penye mistari miwili ya rangi. Mtu akavikanyaga.

"Msifanye!" Twahira alipiga ukelele sasa, kwa sauti yote aliyokuwa ameibakisha. "Msifanye! Muacheni!"

Hakuna aliyegeuka. Alishuka kwa kichwa. Kisima kilikuwa kirefu, na kelele yake ilishuka muda mrefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote pale, kisha ikaisha kwa mshindo wa maji. Watu wakarusha mawe juu yake, mpaka yakaisha ya karibu, wakaenda kutafuta ya mbali.

"Vuta," alisema Mwanaharusi, macho mbele. "Vuteni. Huyu bado ana roho."

Wakavuta.

Askari walifika jioni wakakuta watu wameshatawanyika. Waliokufa walikuwa sita. Siku ya pili redio ilisema kumekuwa na mgogoro wa koo mbili juu ya mipaka ya kiwanja, serikali inadhibiti hali. Maji hayakutajwa. Kisima kilifunikwa kwa zege pamoja na kilichokuwamo, kwa sababu hakuna aliyekubali kushuka. Siku ya tatu sahihi ikapatikana, na klorini ikatoka bandarini kwa malori mawili, ikagawiwa Majengo, Farjano na Fanole. Abdulkadiri mwenyewe alisimamia, amekunja mikono ya shati, bila kumtazama mtu machoni. Katika wiki mbili mikeka ya ukumbi wa hospitali ilipungua, ikawa minne, ikawa miwili. Haji Zakir alisemekana yuko Dobley, na kwamba anachimba kisima.

Twahira hakufukuzwa kazi wala hakusifiwa. Alipokuwa amelala akiuguza tumbo alijaribu mara nyingi kuweka watoto ambao hawakufa upande mmoja, na wale sita upande wa pili, lakini hesabu hiyo ilimshinda kila mara. Watoto waliopona hawakuwa na majina; sita wale aliwajua wote.

Gharibu alipona kwa namna yake. Jicho la kushoto lilipotea, taya lilishika vibaya. Siku alipopata lori la kumrudisha kwao mtoni, Twahira alikwenda kumuaga kituoni, akichechemea. Alikuwa ametayarisha maneno. Gharibu alimwinulia kiganja asiyaseme.

"Miaka kumi na tisa niliwaletea maji," alisema kwa shida, akipitisha maneno upande mmoja wa kinywa. "Kila mlango wa mtaa ule naujua kwa jina. Na wao walinijua, dada. Waliponipiga, waliniita kwa jina." Akafuta mate kwa kiganja. "Wewe hukunifanyia ubaya. Lakini sitaki kukuona tena."

Akapanda lori. Hakupunga mkono.

Miezi minne na siku kumi baada ya maziko ya Mukhtari, siku aliyomaliza eda, mjane wake Fathiya alifika mlangoni kwa Mwanaharusi asubuhi na mapema. Twahira alikuwa uani akichemsha vichupa katika sufuria. Hawakuwa wameonana tangu siku ile. Fathiya alikuwa amekonda, buibui limemning'inia. Aliweka chini dumu alilokuja nalo, akavuka ua, akamzaba Twahira kofi ambalo lilimtupa kwenye ukuta wa jiko. Akampiga la pili. Twahira hakuinua mkono. Shangazi alitoka chumbani mbio, Twahira akamzuia kwa kutikisa kichwa.

Fathiya alisimama akihema, viganja vyake vyekundu, akivitazama kama si vyake. Kisha akarudi mlangoni, akalileta dumu, akalitua miguuni pa Twahira. Maji yalicheza ndani yake.

"Nimebakiwa na wawili," alisema. "Haya nimechota kisima kipya cha Fanole. Wachu wote wanasema ni mazuri. Niambie ni mazuri au si mazuri."

Damu ilikuwa inamtoka Twahira mdomoni. Aliipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Sijui," akasema. "Mpaka kesho."

"Nitangoja."

Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta. Mwanaharusi akaingia ndani kumtafutia chai. Twahira akachukua vichupa viwili kutoka kwenye sufuria kwa koleo, akaviacha vipoe, akatia karatasi, akafungua dumu.

"Kimoja nipe mimi nikiatamie," alisema Fathiya, na akanyoosha mkono.